Kiingereza cha Sanaa: Anza na Maneno Unayodhani Unayajua

"Chiaroscuro" (mwanga na giza vinavyokinzana pichani) na "impasto" (rangi iliyopakwa nene) hayasumbui sana. Yametoka Kiitaliano, na irabu zake zinakaribiana na zetu. Kumbuka tu kwamba "chi" husomwa ki, na "g" ya "gesso", ule mpako mweupe wa kutayarishia ubao au kitambaa, husomwa j. Ya Kifaransa ndiyo yanataka sikio: "gouache", rangi ya maji isiyopenya mwanga, hutamkwa guash, kwa hiyo lisikilize kwenye kamusi ya simu kabla ya kulikariri.

Yanayotega ni yale mepesi. "Cartoon" ya wachoraji wa zamani si katuni ya gazetini, ni mchoro wa maandalizi wenye ukubwa sawa na kazi yenyewe. Rangi ikiitwa "fugitive", hufifia ikikaa kwenye mwanga. "Support" ni kile kilichochorewa juu yake: karatasi, kitambaa, ubao. "Relief" si nafuu. Ni sanamu iliyochongwa ikatokeza ukutani au ubaoni bila kujitenga nao.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Nairobi Gallery, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, jengo la 1913 lenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya. Chagua maneno matano, yasizidi. Soma lebo kwanza: "medium" hapo ni nyenzo, haihusu ukubwa hata kidogo. Kisha sogea ubavuni mwa picha. Mwanga ukiipiga kwa pembeni, rangi iliyopakwa nene hutupa kivuli. Hiyo ndiyo "impasto". Nyufa nyembamba zilizosambaa kama wavu ni "craquelure". Usiguse. Kwenye picha iliyopigwa chapa, 4/20 kwa penseli chini kushoto ni nakala ya nne ya toleo la nakala 20, yaani "edition".

Daftarini usinakili maana ya kamusi. Andika sentensi kuhusu picha hiyohiyo, ukitaja sehemu yake: kola, paji la uso, ukingo wa meza. Hapo ndipo makosa hujitokeza, maana "in gouache" ni nyenzo ila "a gouache" ni picha yenyewe.

"Tooth" jifunzie nyumbani. Sugua kipande cha makaa ya jikoni kwenye karatasi ya kalenda inayong'aa, halafu kwenye karatasi ya khaki. Kwenye kalenda unga unateleza na kupukutika. Kwenye khaki unanasa, kwa sababu uso wake una mparuzo mdogo wa kuushika. Mparuzo huo ndio "tooth". Makaa yakichana karatasi, ni magumu mno. Tafuta kipande chepesi zaidi.