Usitafute neno "murder": namna ya kufukua kesi za mauaji zilizosahaulika kwenye magazeti ya zamani

Mtu akisikia magazeti ya miaka 150 iliyopita yapo bure mtandaoni anakimbilia kuandika "murder", anapewa matokeo yasiyo na mwisho, anasoma mawili matatu ya juu, anachoka, anazima kompyuta. Sasa kesi iliyosahaulika haikai pale juu. Pale juu utakuta zile ambazo kila mtu ameshaziandika, mauaji ya Red Barn ya 1827 huko Uingereza na yale ya Jack the Ripper pale Whitechapel, London, ya 1888. Unayoitaka wewe ni ile iliyopewa mistari sita chini ya bei ya ngano halafu ikapotea.

Mahali pa kuanzia pasipo na gharama ni hifadhi hizi za magazeti mtandaoni: Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani, Trove ya Australia, Papers Past ya New Zealand. Ukitaka Uingereza kuna British Newspaper Archive, hiyo wanalipisha ila kutafuta tu ni bure na wanakuonyesha vipande vya maneno, na ukiwa mjanja vile vipande tu vinakupa jina na tarehe, ukishapata hivyo unahamia Trove maana magazeti ya Australia yalikuwa yanakopi habari za Uingereza kama hayana kazi nyingine. Ila kumbuka telegrafu ya kuiunganisha Australia na dunia ilifika 1872, kabla ya hapo habari ilikuja na meli, kwa hiyo mauaji ya Januari unaweza kuyakuta kwenye gazeti la Aprili. Usitafute kwa mwezi mmoja tu ukasema hakuna.

Haya, maneno. Gazeti la siku ya kwanza mara nyingi haliiti mauaji, linaita "mysterious affair" au "found drowned" au "suspicious death". Mimi neno langu la kwanza siku zote ni "inquest", yaani ule uchunguzi wa kifo chenye utata ambao Uingereza na makoloni yake ulisimamiwa na ofisa aitwaye korona (sio ile ya 2020, tulia). Mara nyingi walikaa baa ya karibu maana ndo ilikuwa na chumba kikubwa, juri (raia walioitwa kusikiliza na kuamua) inaenda kuuangalia mwili, halafu mashahidi wanaongea mmoja mmoja, jirani, mpangaji, daktari, na mwandishi anaandika karibu kila kitu. Hapa ndo penye utajiri wote, nani alisikia mlango saa ngapi, marehemu alivaa nini, nani alikuwa anamdai. Kesi ikifika mahakama kuu miezi baadaye gazeti linafupisha, "ushahidi ulishachapishwa kwenye toleo letu", basi, unabaki na hukumu tu. Na ukitaka zile ambazo muuaji hakupatikana, tafuta maneno "person or persons unknown", hiyo ndo ilikuwa lugha ya juri ikisema huyu ameuawa ila hatumjui aliyefanya.

Sasa ishu inayoua watu wengi moyo. Yale maandishi unayotafuta hayajachapwa na binadamu, ni programu imesoma picha ya gazeti lililochakaa na wino umevuja, kwa hiyo "murder" inakuwa "rnurder" au "murdcr", na jina la Clark linakuwa Clarlc. Kwa magazeti ya kabla ya 1800 hivi ni balaa zaidi, walikuwa na herufi s ndefu inayofanana na f, programu inasoma "poifon" badala ya "poison", "affaffin" badala ya "assassin". Usicheke, andika hivyohivyo "poifon" kwenye kisanduku cha kutafutia uone vinavyojitokeza. Kama jina halipatikani, liache, tafuta jina la kijiji pamoja na neno "inquest", au jina la korona mwenyewe maana huyo anajirudia miaka na miaka eneo lilelile. Trove wanakuruhusu urekebishe maandishi yaliyosomwa vibaya, ukipita rekebisha, anayekuja nyuma yako atashukuru.

Tarehe nazo zina mtego wake. Tuseme gazeti la tarehe 3 Machi linasema mwili ulionekana "on the 28th ult.", hiyo ni tarehe 28 Februari, "ult." ni mwezi uliopita na "inst." ni mwezi huuhuu. Halafu gazeti lingine linakopi ile habari tarehe 2 Aprili bila kubadilisha neno, na wewe ukihesabu kutoka Aprili unapata 28 Machi, umeshamuua marehemu mara mbili. Nimewahi kupoteza wiki nzima nikidhani ni wanawake wawili tofauti.

Hapo tunakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndo la muhimu kuliko yote. Ukikuta habari kwenye magazeti kumi usifikiri una mashahidi kumi, una shahidi mmoja na wezi tisa. Rudi nyuma kwa tarehe mpaka ufike gazeti lililokuwa karibu zaidi na mto, nyumba au shamba lenyewe, hilo ndo lilituma mtu. Na hata huyo mtu msome kwa tahadhari, waandishi wengi wa Uingereza wa karne ya 19 walilipwa kwa mstari, kwa hiyo damu ikiwa nyingi na mistari inakuwa mingi. Baada ya 1855 kodi ya muhuri wa magazeti ilipofutwa huko, magazeti ya miji midogo yakaongezeka sana, ukichimba kabla ya mwaka huo jiandae kukosa gazeti la karibu.

Ukishapata jina la mshtakiwa, achana na gazeti, nenda kwenye kumbukumbu za mahakama. Kesi za London ingia Old Bailey Online (Old Bailey ndo mahakama ya jinai ya London), bure, ina kesi zaidi ya 197,000 kuanzia 1674 mpaka 1913. Za mikoani England mafaili yapo The National Archives (hifadhi ya taifa) pale Kew, London, namba nyingi zinaanza na ASSI, kifupi cha assizes, zile mahakama zilizokuwa zinazunguka mikoani. Usishangae mshtakiwa kuwa kimya, kabla ya 1898 kwa kawaida sheria ya England haikumruhusu kutoa ushahidi wa kiapo kwenye kesi yake mwenyewe. Na kati ya 1752 na 1836 aliyekutwa na hatia ya mauaji alinyongwa kesho kutwa yake, isipokuwa ikiangukia Jumapili ndo inasogezwa Jumatatu, kwa hiyo majaji wengine walipenda kusikiliza kesi za mauaji Ijumaa ili jamaa apate siku ya ziada. Kwa mtafutaji maana yake ni hii: hukumu na kunyongwa unaweza kuvikuta kwenye toleo moja la wiki, usiruke kurasa.

Kesi isiyo na mwisho usiiache kwenye mwaka wake. Weka jina la marehemu, tafuta tena miaka 10, 20, hata 30 mbele, kuna watu walikuwa wanajitokeza kukiri wakiwa wanaumwa, wakiwa jela, au wakiwa wamelewa tu. Wengi walikuwa waongo, polisi wanauliza rangi ya gauni la marehemu, jamaa anakosea, anarudishwa kwao. Ila soma ile habari mpaka chini, maana kueleza kwa nini wamemwachia, gazeti mara nyingi linarudia kesi yote upya, na humo unaweza kukuta kitu ambacho miaka 30 nyuma hakikuandikwa.