Farasi mwenye mdomo wa kasuku: namna ya kumtunza, hatua kwa hatua

Nina miaka 18 ya usaisi, yaani kazi ya kutunza farasi, kwenye nyanda za juu kati ya Naivasha na Gilgil. Farasi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote ni jike wa rangi ya kahawia anayeitwa Zawadi, na Zawadi ana mdomo wa kasuku. Meno yake ya mbele ya juu yameyatangulia ya chini kwa milimita 12, kisha yakashuka na kuyafunika. Wageni wakimfunua mdomo hushtuka na kuuliza kama anaweza kula. Anakula vizuri, na anapandwa. Meno hayo yanayowashtua watu si ya kutafunia. Hatari iko kwenye magego, kule nyuma, mahali ambapo huwezi kuona bila taa na chuma cha kumpanulia kinywa.

Hatua ya 1: Jua nini kimehama

Farasi mzima ana meno 12 ya mbele, 6 juu na 6 chini, ya kukatia majani. Baada yake kuna pengo, ndipo lijamu, kile chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu, hukaa. Nyuma ya pengo wamepanga foleni magego 24, 6 kila upande, juu na chini.

Jino la farasi halichomozi mara moja likaisha. Hutoka taratibu kwenye ufizi, kama milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na linabaki na urefu wake kwa sababu mwenzake wa upande wa pili hulisaga. Sasa taya la chini likiwa fupi, safu yote ya magego ya chini imerudi nyuma. Gego la kwanza la juu linabaki na sehemu ya mbele isiyoguswa na chochote, na gego la mwisho la chini linabaki hivyo hivyo upande wa nyuma. Sehemu zile hazisagiki. Zinarefuka hadi zinakuwa kulabu, na kulabu huchoma nyama ya kinywa na kulifunga taya lisiweze kwenda mbele na nyuma.

Meno ya mbele nayo yana shida yake: ya juu yakirefuka sana huzuia taya la chini, na ya chini yanaweza kufika kwenye kaakaa na kulitoboa. Hilo linaonekana kwa macho, na pengine ndiyo sababu watu huliogopa zaidi.

Hatua ya 2: Mkague mwenyewe kila mwezi

Simama ubavuni mwa kichwa, usisimame mbele yake. Funua midomo kwa pembeni, upime kwa rula meno ya juu yametangulia kiasi gani. Andika.

Kisha fanya jaribio hili. Mwinue kichwa, tazama meno ya mbele yamekaaje. Mshushe kichwa hadi chini kama anayekula majani, tazama tena. Kwa kawaida taya la chini huteleza mbele kidogo kichwa kikishuka. Likikataa kabisa kusogea, shuku kulabu kule nyuma.

Bonyeza shavu taratibu kwa nje, kwenye mstari wa magego ya juu. Akiruka au akivuta kichwa, kuna kitu kinamchoma. Usiingize vidole katikati ya magego. Hata farasi mpole anaweza kukuvunja kidole bila kukusudia.

Nenda pia kwenye kinyesi. Nyuzi ndefu za majani na nafaka nzima zinakuambia hatafuni. Angalia chini ya hori kama kuna vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa. Harufu ya uozo mdomoni haisubiri mwezi ujao.

Hatua ya 3: Daktari, mara mbili kwa mwaka

Farasi mwenye meno yaliyokutana vizuri anaweza kukaguliwa mara moja kwa mwaka. Huyu wetu ni kila baada ya miezi 6, maisha yake yote. Kazi ifanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa, kwa sababu farasi huchomwa sindano ya kumtuliza ndipo kinywa kipanuliwe na kulabu zipigwe tupa.

Usimshinikize daktari amalize yote siku moja. Ndani ya jino kuna kiini chenye damu na mishipa ya fahamu, na ukikata sana unakifikia. Kulabu kubwa hupunguzwa milimita chache, ikasubiriwa miezi, ikapunguzwa tena. Niliwahi kupokea farasi ambaye mtu asiye daktari alimkata meno ya mbele yote kwa siku moja ili yapendeze. Wiki nyingi hakutaka kugusa kitu kigumu. Bado naumia nikimkumbuka.

Baada ya sindano usimpe chakula hadi azinduke kabisa, la sivyo anaweza kukabwa.

Hatua ya 4: Chakula

Farasi huyu anashindwa kukata nyasi fupi. Malisho yaliyoliwa hadi chini, kama yetu mwezi wa pili, kwake ni sawa na uwanja mtupu: utamwona ameinamisha kichwa mchana kutwa na mbavu zinatokeza. Mpe eneo lenye nyasi ndefu anazoweza kuzishika kwa midomo, au nyasi kavu. Magego yakiwa yametunzwa, nyasi kavu anazitafuna bila shida.

Kwanza jua uzito wake. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, gawanya kwa 11,880. Zawadi ana mzunguko wa 180 na urefu wa 165, kwa hiyo ni kilo 450. Asilimia 2 ya uzito huo ni kilo 9 za nyasi kavu kwa siku. Mimi humpa nyasi za Boma Rhodes laini, iliyokatwa kabla mabua hayajakomaa, na alfalfa kidogo.

Weka chakula chini, kwenye hori pana au juu ya mkeka wa mpira. Kichwa kikiwa chini, taya linakaa karibu zaidi na mahali pake. Nyavu za kuning'iniza nimeziacha. Lakini usimwage chakula kwenye vumbi, maana mchanga unaokusanyika tumboni huleta msokoto, yaani maumivu makali ya tumbo.

Akizeeka au akipungua, loweka peleti (vidonge vya chakula cha farasi) kwenye maji mara mbili ya ujazo wake hadi zivunjike kama uji. Yaliyobaki yakichacha, mwaga.

Chakula kikitoka puani, anakohoa na kunyoosha shingo, amekabwa. Ondoa chakula chote, mtulize, acha kichwa kishuke, piga simu kwa daktari papo hapo. Usimmiminie maji wala mafuta mdomoni, yataingia mapafuni.

Hatua ya 5: Lijamu

Zawadi alipoletwa kwangu alikuwa na sifa ya ukaidi. Ukivuta hatamu anatupa kichwa juu, naye akichapwa kwa hilo. Daktari alipompanua kinywa tukakuta kulabu kwenye gego la kwanza la juu, pande zote mbili, na kidonda ndani ya shavu. Kila hatamu ilipovutwa, shavu lilibanwa kwenye kulabu. Tulimpumzisha na lijamu hadi kidonda kikapona, na ukaidi wenyewe ukaisha. Kwa hiyo farasi wa namna hii akianza kutupa kichwa, weka fimbo chini, washa taa.

Hatua ya 6: Uzazi

Usimzalishe. Kasoro hii huonekana kufuata ukoo, na madaktari hushauri dume ahasiwe. Mwana farasi akizaliwa nayo, mwite daktari ndani ya wiki za mwanzo: taya likiwa bado linakua kwa kasi linaweza kusaidiwa kwa waya na vibao maalumu, na nafasi hiyo hupita ndani ya miezi michache tu.