Supu ya Mifupa ya Kuku: Namna ya Kuipika Polepole kwenye Sigiri

Supu ya kuku yenye nguvu haitokani na wingi wa viungo, bali hutokana na mifupa, maji na moto unaosimamiwa vizuri. Katika nyumba za Uganda zinazopikia sigiri, yaani jiko la mkaa, mifupa na maji si tatizo. Moto ndio unaowashinda wengi.

Kuku anayefaa zaidi ni wa kienyeji aliyekomaa, au kuku wa mayai aliyekwisha kutaga, ambaye wafugaji humuuza kwa bei nafuu ili kupisha vifaranga wapya. Wapenda kukaanga humkwepa kwa sababu nyama yake ni ngumu, lakini kuku mzee ndiye mwenye ladha nzito. Kuku wa nyama wa wiki sita hutoa supu nyepesi; akiwa ndiye pekee uliyempata, mwongezee shingo, mabawa na hasa miguu, kwa kuwa ngozi na kano za miguu zina kolajeni nyingi, protini ambayo huyeyuka polepole na kuwa jelatini, ile inayoifanya supu igande ikipoa. Ichovye miguu kwa muda mfupi katika maji ya moto, kisha uvute ngozi ya nje ya manjano, nayo itavuka kama soksi. Ikikaa mno katika maji hayo, ngozi hung'ang'ania na kukatikakatika. Kata kucha zote kabla ya kuitia chunguni.

Kwa kilo moja na nusu ya mifupa na vipande, tumia maji baridi ya lita 3. Ubaridi huo una sababu: maji yanapopata moto taratibu, protini zinazotoka katika nyama na damu hugandamana na kupanda juu zikiwa povu la kijivu, ambalo huenguliwa kwa upawa kwa urahisi. Simama karibu na sufuria katika dakika hizo za mwanzo, uengue mpaka povu libadilike kuwa jeupe na jepesi.

Hapo punguza moto. Kwenye sigiri, ondoa baadhi ya makaa, yaliyobaki uyafunike kwa majivu, na ufunge mlango wa chini ili hewa ipungue. Viputo vichache vikipanda pembeni mwa sufuria vinatosha. Supu ikitokota kwa nguvu, mafuta husambaratika na kuchanganyika na maji, ikawa na ukungu na uzito wa mafuta mdomoni. Acha kifuniko wazi kidogo. Mifupa inahitaji saa 3 hadi 4. Ukipika kuku mzima, toa nyama ya kifua mara inapoiva, kabla haijakauka, na urudishe mifupa. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi kama 96 za Selsiasi. Katika miinuko ya Kabale huchemka chini zaidi, hivyo mpishi wa huko aongeze muda.

Kitunguu maji kilichokatwa mara mbili pamoja na ganda lake, karoti, kipande cha tangawizi na punje chache za pilipili manga vitiwe katika saa ya mwisho. Mashina ya dania yasubiri dakika 10 za mwisho. Unga wa mchuzi wa dukani hauna kazi hapa. Ladha yake hufunika ile uliyoitafuta kwa saa nyingi. Chumvi pia isitiwe mapema, kwani supu hupungua na ukali wake huzidi.

Chuja bila kukamua mboga. Ikiwa huitumii mara moja, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga, na ubadilishe maji yakipata joto, ili iingie kwenye friji ndani ya saa 2. Humo hudumu siku 3 hadi 4. Ikitikisika na kuganda, jelatini imetoka vizuri. Mafuta yaliyoganda juu yabanduliwe yakaangie vitunguu. Isiyotumika igandishwe katika vyombo vidogo. Kila unapoipasha, hakikisha imechemka kabisa, na upashe kiasi cha mlo huo tu, iwe ni kwa wali, kwa mchuzi wa karanga au kwa katogo ya matoke (ndizi zilizopikwa pamoja na kitoweo chake), ambayo chumvi yake itapimwa upya.