Lenzi Ipi, Programu Ipi: Mwongozo kwa Mpiga Picha wa Ridhaa

Kasoro za picha ziko za aina mbili, na ni vizuri kuzitenga kabla ya kutoa pesa. Aina ya kwanza programu huifuta bila jasho: mistari ya jengo iliyopinda, pembe za picha zilizoingia giza, pindo za zambarau au kijani zinazotokea pale tawi linapokutana na anga. Aina ya pili haina dawa: fokasi iliyoangukia sikio badala ya jicho, mtoto aliyeishinda kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufungika), wingu lililoungua likabaki jeupe tupu. Zana za akili mnemba hupunguza mtikisiko mdogo, lakini hufanya hivyo kwa kubuni, na uso uliobuniwa hufanana na plastiki. Kwa hiyo kwenye lenzi lipia kile ambacho programu haiwezi kukurudishia. Na kwenye programu, hakikisha kwanza inaifahamu lenzi yako.

Anza na picha ulizo nazo

Kila faili hubeba taarifa za namna picha ilivyopigwa: urefu wa fokasi (milimita za lenzi, zinazoamua inaona upana au mbali), tundu (uwazi unaopitisha mwanga ndani ya lenzi), kasi ya shata, ISO (kiasi kamera inavyoukuza mwanga iliopokea). Programu za Lightroom Classic, darktable na digiKam zote zinaweza kuchuja picha kwa urefu wa fokasi. Chukua zile tu ulizozipenda na kuzihifadhi, kisha angalia zimerundikana wapi. Tuseme una lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55. Zikijaa kwenye 18, unahitaji lenzi pana zaidi. Zikijaa kwenye 55, unahitaji ndefu. Zikitawanyika katikati huku malalamiko yako ni chengachenga (vidoadoa vya picha ya gizani) na mtikisiko, tatizo si urefu, ni tundu, na zumu nyingine (lenzi inayobadilisha urefu) yenye tundu lilelile dogo haitabadilisha kitu hata iwe ya bei mara mbili.

Milimita husomwa pamoja na sensa

Ushauri wa "nunua 50", yaani lenzi ya milimita 50, ulizaliwa zama za filamu, na kwenye kamera za fremu kamili, zenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa fremu ya filamu, bado unafaa. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa ndogo ya APS-C, ambayo huona kipande tu cha ile picha. Zidisha milimita kwa 1.5 kwa Nikon, Sony na Fujifilm, kwa 1.6 kwa Canon, na kwa 2 kwa Micro Four Thirds (mfumo wa kamera wenye sensa ndogo zaidi). Lenzi ya 50 basi huona kama 75, 80 au 100.

Kwa vipimo vya chumbani: ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, 50 kwenye APS-C inaona upana wa mita 1.4 hivi. Ni mtu mmoja au wawili waliobanana, na nyuma yako tayari kuna ukuta. Lenzi ya 35 mahali hapohapo inaona mita 2. Ndiyo sababu lenzi ya kwanza isiyo ya zumu kwa APS-C iwe 35 yenye tundu pana la f/1.8 au f/2, na 50 ibaki ya picha za uso. Kwa Micro Four Thirds chukua 25.

Tundu ndilo unalolilipia

Namba ya f ikipungua, tundu linapanuka. Lenzi iliyoandikwa 18–55 f/3.5–5.6 inatoa 3.5 pale kwenye 18 tu, na ukivuta hadi 55 inabaki 5.6. Tofauti kati ya f/5.6 na f/1.8 ni mwanga wa karibu mara 10. Chukua chumba chenye taa ya kawaida, ISO 1600: ikiwa f/1.8 inakupa shata ya 1/125, f/5.6 itakupa karibu 1/13, na kwa 1/13 mtu anayeongea tayari ameacha ukungu mahali pa mikono yake.

Hapa ndipo wengi hudanganyika na kidhibiti cha mtikisiko. Kifaa hicho hutuliza mkono wako. Anayepigwa picha hakimhusu. Kanuni ya zamani ya kushika kamera kwa mkono ni kwamba kasi ya shata isiwe ndogo kuliko sekunde 1 ikigawanywa kwa urefu wa fokasi baada ya kuzidisha: 50 kwenye Canon ya APS-C ni 80, kwa hiyo 1/80 au zaidi. Kidhibiti kitakuruhusu kushuka chini sana ya hapo ukipiga sanamu. Kwa mtoto anayekimbia bado unahitaji 1/500, na njia ya kufika huko ni tundu pana, ISO ya juu au vyote viwili.

Tundu pana lina gharama yake. 50 kwa f/1.8 kwenye APS-C, umbali wa mita 1.5, huacha unene wa karibu sentimita 6 tu ulio mkali. Mtu akigeuka kidogo, jicho moja linatoka nje ya fokasi. Weka alama ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, na kwa watu wawili funga hadi f/4. Lenzi nyingi huwa kali zaidi kati ya f/4 na f/8. Kwenye APS-C, ukifika f/16 mwanga unaopita kwenye tundu dogo huanza kutawanyika, na picha nzima inalegea hata kama fokasi ni sahihi.

Kichujio cha bei rahisi mbele ya lenzi nzuri ni pesa iliyopotea. Huongeza viakisi taa zinapoingia kwenye fremu, ilhali kikinga jua cha plastiki hulinda kioo vizuri zaidi na hakigusi ubora.

Pachiko: mahali pa kukosea kwa gharama kubwa

Pachiko ni ile pete ya chuma ambako lenzi hujifunga kwenye kamera. Kila kampuni ina lake, na baadhi zina zaidi ya moja. Lenzi za Canon EF-S (za APS-C) hazikai kwenye kamera za EF za fremu kamili. Kamera za Nikon za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi kuukuu zilizoandikwa AF au AF-D zitakaa vizuri, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Kwa kamera hizo tafuta AF-S, zenye mota ndani ya lenzi yenyewe.

Kuhusu adapta, tazama umbali kati ya pachiko na sensa. Kwa Canon, EF (pachiko la kamera zenye kioo ndani) ina milimita 44 na RF (la zile zisizo na kioo) ina 20, kwa hiyo kati yake pana nafasi ya milimita 24 za kuweka adapta, na lenzi ya EF hufanya kazi vizuri kwenye kamera ya RF pamoja na fokasi. Kinyume chake hakiwezekani, kwa sababu lenzi ingetakiwa kuzama ndani ya kamera. Nikon F ina 46.5 na Z ina 16, mantiki ni ileile, isipokuwa FTZ, adapta ya Nikon ya kutoka F hadi Z, haina mota ya kuzungusha zile AF-D.

Kukagua lenzi iliyotumika

Lenzi hukaa miaka mingi ikitunzwa, kwa hiyo iliyotumika ni chaguo la busara kuliko kamera iliyotumika. Nenda na kamera yako na tochi ndogo, ufuate utaratibu huu:

1. Fungua vifuniko vyote viwili, upitishe mwanga wa tochi kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzinyuzi zinazotawi kama mizizi ni kuvu: acha lenzi hiyo, maana kuvu hula rangi ya kinga ya kioo na kusafisha hakurudishi kilicholiwa. Ukungu mweupe uliotanda utaondoa kina cha rangi kwenye kila picha.
2. Tazama kioo cha nyuma kwa makini kuliko cha mbele. Mkwaruzo mdogo mbele mara nyingi hauonekani kwenye picha, lakini wa nyuma unaonekana.
3. Kama lenzi ina pete ya tundu, izungushe. Kama haina, weka f/16 na shata ya sekunde 2, kisha piga huku ukiangalia ndani kutoka mbele. Vile vya tundu vifunge mara moja, viwe vikavu. Mafuta juu yake huvichelewesha, na picha hutoka na mwanga mwingi kupita ulioupanga.
4. Piga ukuta wa matofali, kamera ikiwa sambamba nao, kwa tundu pana kabisa. Pembe zote nne zikilegea sawa, ndivyo lenzi ilivyo. Pembe moja ikilegea kuliko nyingine, kioo kimehama ndani, pengine kwa kuanguka.
5. Jaribu fokasi kwenye kitu cha karibu, cha kati na cha mbali. Ikihangaika au kulia kama kinachosagwa, mota inaelekea kufa.

Programu

Kwanza amua kama utapiga RAW (data ghafi ya sensa) au JPEG (picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza). JPEG ina biti 8, yaani viwango 256 vya mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina viwango 16,384. Tofauti hiyo huonekana unapoinua vivuli: JPEG huchanika mistari mistari angani, RAW huvumilia. Kama hutaki RAW, Snapseed kwenye simu inakutosha kabisa, na huhitaji kusoma sehemu hii.

Lightroom Classic ndiyo rahisi zaidi kwa mtu mwenye maelfu ya picha, na mafunzo yake yamejaa kila kona. Ni ya malipo ya kila mwezi au mwaka, na ukiacha kulipa picha zako hubaki na unaweza kuzitoa, ila sehemu ya kuhariri hufungwa. Capture One inapendwa kwa rangi. DxO PhotoLab ina nguvu kwenye kusafisha chengachenga na kurekebisha lenzi. Za bure ni darktable na RawTherapee, na zote mbili husoma orodha ya lenzi ya Lensfun. Usisahau programu ya bure ya kampuni ya kamera yako, kama NX Studio ya Nikon au Digital Photo Professional ya Canon. Ni nzito kidogo, lakini rangi zake hufanana na za kamera tangu mwanzo. GIMP si mshindani wa hizi: ni ya kuunganisha picha na kufuta vitu, na ili ifungue RAW huhitaji darktable au RawTherapee pembeni.

Kabla ya kuamua, chukua picha zako 10 ngumu (machweo, chumba chenye taa ya manjano, uso kivulini) na uzihariri zote katika programu mbili. Angalia mambo matatu. Je, inafungua RAW ya kamera yako? Kamera mpya kwenye toleo la zamani la programu mara nyingi hukataliwa, na hapo DNG Converter ya Adobe, ambayo ni ya bure, huokoa kwa kuigeuza RAW kuwa faili ya DNG inayosomeka. Je, jina la lenzi yako linatokea lenyewe kwenye marekebisho? Na je, kompyuta yako inahimili? RAM ya GB 8 hutambaa, 16 hufanya kazi.

Jambo moja huwatisha wapya: picha hufunguka ikiwa imechangamka, kisha baada ya sekunde hufifia. Hakuna kilichoharibika. Ulichoona kwanza ni JPEG ndogo iliyofichwa ndani ya RAW, kisha programu ikachora tafsiri yake. Kwenye Lightroom chagua wasifu wa rangi unaofanana na wa kamera. Kwenye darktable, inua mwanga na uongeze kontrasti mwenyewe.

Mpangilio wa kazi: rekebisha lenzi, kisha uwiano wa weupe (ili nyeupe ionekane nyeupe), kisha mwanga wa jumla, sehemu angavu, vivuli, na mwisho maeneo madogo. Ukianza na vivuli kabla ya mwanga wa jumla utavirudia. Usihamishe mafaili kwa kutumia folda za kompyuta baada ya kuyaingiza Lightroom, kwa maana katalogi (orodha ya programu inayokumbuka mafaili yako wapi na ulivyoyahariri) itayapoteza. Yahamishe ndani ya programu yenyewe. Nakili katalogi pamoja na picha kwenye diski ya pili. Darktable huandika kazi yako pia kwenye faili ndogo za XMP kando ya picha, nazo zinakiliwe. Usitegemee kwamba ukihama programu kazi yako itahama nayo: nyota na maneno ya kutafutia huweza kupita, lakini uhariri kwa sehemu kubwa huanza upya.

Unapotoa picha ya mtandaoni, tumia sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini), pikseli 2048 upande mrefu, ubora wa 80 hadi 85. Ikitoka iliyopauka kwenye simu za wengine, karibu kila mara umeitoa kwa Adobe RGB, mpangilio mwingine wa rangi. Kwa kuchapa sentimita 20 kwa 30 unahitaji kama pikseli 2360 kwa 3540. Na kama chapa inatoka nyeusi kuliko ulivyoiona, punguza mng'ao wa skrini yako kabla ya kumlaumu mchapaji.