Jaisalmer kutoka Nairobi: panda ngome asubuhi, lakini ulale nje

Kama uko na safari ya biashara India na ukabaki na siku tatu nne, usizimalizie kwa maduka ya Delhi, nenda Jaisalmer. Ni mji wa jangwa la Thar, huko Rajasthan karibu na mpaka wa Pakistan, ulianzishwa 1156 na mfalme anaitwa Rawal Jaisal, na karibu kila kitu hapo kimejengwa kwa mawe ya manjano.

Tuanze na makaratasi, maana hapo ndio watu hukwama. Viza unaomba kwa intaneti kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, na uangalie vizuri kwa sababu kuna tovuti zingine zinafanana nayo kabisa ila zinakulipisha mara mbili tatu. Halafu ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima ukitoka Kenya, na chanjo uidungwe angalau siku kumi kabla ya kuingia, ukifika bila kadi unaeza wekwa karantini. Usiseme utaenda kudungwa ile wiki ya kusafiri.

Ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi zipo hadi Mumbai. Kama uko Delhi, kutoka huko kuna treni ya usiku hadi Jaisalmer, inachukua kama masaa 17 ama 18, chukua behewa la kulala lenye AC na ubuku mapema sana, zinajaa. Mimi naona afadhali ukate safari Jodhpur, mji ulioko njiani, ulale hapo usiku mmoja, alafu umalizie na treni ya masaa matano au sita hivi ukiona nchi ikikauka polepole dirishani. Ndege za kufika Jaisalmer zipo pia lakini ratiba inabadilika na msimu, na kwa vile mpaka uko karibu, cheki hali ya usalama kabla hujalipa.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Mei joto linapita digrii 40 bila aibu. Lakini beba jaketi ya maana, sio ya kupiga picha, usiku wa Januari jangwani ni baridi kuliko Limuru.

Sasa ngome. Iko juu ya kilima katikati ya mji, ina minara 99, na tofauti na ngome nyingi watu bado wanaishi ndani, elfu kadhaa, wana maduka, wanaanika nguo, ng'ombe wanapita kwa vichochoro na wewe ndio unampisha. UNESCO iliiweka kwa orodha yake ya urithi wa dunia 2013 pamoja na ngome zingine tano za Rajasthan. Utaona hoteli nyingi humo ndani na madirisha yao ni mazuri ajabu, lakini usilale huko. Ngome ilijengwa enzi za kuteka maji na ndoo, siku hizi kuna mabomba, mabafu na vyoo vya wageni, maji yanavuja yanaingia chini kwenye udongo laini na msingi unalegea, kuna sehemu za kuta zilishaanguka miaka ya 90. Ukilala chini mjini unaoga bila kuiongezea mzigo, na juu ya hiyo unaiona yote ikiwaka jua la jioni kutoka kwa paa la hoteli yako, kitu ambacho aliyelala ndani haoni.

Panda mapema, mahekalu ya dini ya Jain yaliyo ndani ya ngome hufungia watalii mchana. Viatu unavua, na mshipi wa ngozi ama waleti ya ngozi hauingii, so acha hotelini.

Ukishuka tafuta haveli, yaani majumba ya matajiri wa biashara ya misafara ya ngamia. Patwon ki Haveli ndio maarufu, nyumba tano za familia moja, lakini mimi napenda Nathmal zaidi. Iliisha 1885, na inasemekana ndugu wawili mafundi walichonga kila mmoja upande wake, simama katikati ya barabara (angalia tuktuk) ulinganishe kulia na kushoto, kwa mbali ni sawasawa, ukikaribia maua na madirisha hayafanani.

Kuhusu ngamia, kama haja yako ni kupanda tu, Kenya tunao wengi. Kama ni mchanga unataka, matuta ya Sam yako kilomita 40 hivi kutoka mjini lakini yana kelele za gari na muziki, kijiji cha Khuri ndio kumetulia kidogo. Kubaliana bei yote kabla hujapanda, na uulize kama chakula na blanketi ziko ndani.

Pesa: kila mtu analipa kwa simu kama sisi na M-Pesa, ila wewe mgeni huenda isikubali, so tembea na rupia ndogo ndogo. Adapta ya plagi pia, zetu haziingii huko.

Kula dal baati, yaani dengu na mikate ya mviringo ya kuokwa, na ker sangri, mboga ya jangwani yenye uchachu fulani hivi, inaenda na chapati vizuri sana. Na karibu na lango la ngome kuna duka lenye leseni ya serikali linauza bhang (bangi) ndani ya lassi, kinywaji cha maziwa ya mgando, na biskuti. Ya kunywa huchelewa kupanda na ikipanda imepanda, na hizo biskuti usithubutu kuzifunga kwa begi ukirudi JKIA.