Namna ya kusoma matokeo na ripoti za ukaguzi za shule ya kanisa ya ngazi zote nchini England

Shule ya kanisa inayompokea mtoto akiwa na miaka 4 na kumlea mpaka 16 au 18 ni shule mbili ndani ya uzio mmoja. Mzazi azitenganishe kwanza, kwa sababu sekondari nzuri huweza kuifunika msingi inayolegea, na kinyume chake.

Takwimu zichukue kwenye tovuti ya serikali ya kulinganisha shule. Mabango ambayo shule hutundika Agosti, matokeo yanapotoka, hubeba namba ambayo shule yenyewe imeichagua.

Kwa shule ya msingi, angalia mitihani ya mwaka wa 6, darasa la mwisho la msingi. Kusoma na hisabati hupimwa kwa mizani ya 80 hadi 120: 100 ndicho kiwango kinachotarajiwa, 110 ni kiwango cha juu. Kuandika hupimwa na walimu wenyewe. Kisha tafuta idadi ya watahiniwa. Katika darasa la watoto 30, wawili wakipata 99 badala ya 100, ufaulu unashuka karibu pointi 7 za asilimia, na hakuna kilichoharibika katika ufundishaji. Tazama miaka mitatu kwa pamoja.

Sekondari ndiko wengi hupotea. Anza na asilimia ya waliopata daraja la 5 au zaidi katika Kiingereza na Hisabati kwenye GCSE, mitihani ya mwisho wa mwaka wa 11 (umri wa miaka 16), ambako 9 ni la juu kabisa. Halafu soma Attainment 8, jumla ya masomo manane ambamo Kiingereza na Hisabati hupewa uzito maradufu. Somo la dini, ambalo shule za kanisa huwafanyisha karibu wanafunzi wote, huhesabiwa humo lakini halimo katika EBacc, kipimo cha masomo teule (Kiingereza, hisabati, sayansi, lugha, na historia au jiografia). Ndiyo maana shule inaweza kung'ara katika kipimo kimoja na kuonekana hafifu katika kingine.

Progress 8 hupima hatua aliyopiga mwanafunzi tangu mwaka wa 6: 0 ni wastani wa nchi, na +0.5 ni nusu daraja zaidi kwa kila somo. Kipimo hiki hakipo kwa mitihani ya 2025 na 2026, kwani mitihani ya mwaka wa 6 ilifutwa 2020 na 2021 kwa sababu ya korona. Ukionyeshwa Progress 8, uliza ni ya mwaka gani.

Usikubali upesi maneno kwamba matokeo ya mwaka wa 11 ni tunda la malezi ya tangu utotoni. Wengi huingia mwaka wa 7, mwanzo wa sekondari, wakitoka shule nyingine. Muulize mkuu wa shule: waliokulia hapa ni wangapi, na walifauluje? Linganisha pia idadi ya kundi hilo lilipokuwa mwaka wa 7 na lilipofika mwaka wa 11. Wakiwa 180 kisha wakabaki 160, unastahili kuelezwa walikokwenda. Na kama shule huchuja waombaji kwa mahudhurio ya kanisani, soma kwa makini mstari wa wanafunzi wa familia zenye uhitaji.

Ripoti za ukaguzi nazo ni mbili. Ofsted, idara ya serikali ya ukaguzi wa shule, iliacha kutoa neno moja la jumla Septemba 2024; tangu Novemba 2025 hutoa kadi yenye ngazi tano kwa karibu kila eneo, na madarasa ya awali hupewa daraja lake. Katika maelezo, tafuta sentensi zinazotaja msingi au sekondari waziwazi. Ibada, na mara nyingi somo la dini, hukaguliwa na kanisa chini ya kifungu cha 48 cha Sheria ya Elimu ya 2005. Wakatoliki hutoa madaraja 1 hadi 4, na 1 ndilo bora. SIAMS, ukaguzi wa shule za Waanglikana na Wamethodisti, iliacha madaraja Septemba 2023. Sasa husema tu kama shule inauishi msingi wake wa Kikristo au ina mambo ya kurekebisha haraka. Sifa za SIAMS hazikuambii lolote kuhusu hisabati.

Usipoiona ripoti ya zamani, huenda shule iligeuzwa kuwa akademia (shule inayofadhiliwa moja kwa moja na serikali kuu, nje ya halmashauri) na kupewa namba mpya ya usajili. Itafute kwa namba ya awali.