Kumwanzisha mtoto chekechea Dar mkishatoka ughaibuni

Mkirudi Dar na mtoto wa miaka miwili au mitatu, msimpeleke kituoni wiki ileile mliyoshuka uwanja wa ndege. Kama mmetoka Toronto, kwa mfano, huko ni nyuma ya Dar kwa saa saba au nane, kutegemea msimu, kwa hiyo saa nne asubuhi mwili wake bado uko usiku wa manane. Atasinzia juu ya uji, na walimu watamwona amezubaa. Mpeni kama wiki mbili azoee joto, honi za bodaboda, na hawa ndugu wanaombeba kwa zamu bila kumwomba ruhusa.

Kituo cha kulelea watoto mchana kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ulizeni cheti cha usajili, na mkisitasita muoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Andaeni nakala ya cheti cha kuzaliwa na rekodi za chanjo alizopata huko mlikotoka. Kama bado mnachagua, mimi ningetafuta kituo cha karibu na nyumbani kuliko cha karibu na ofisi Posta. Foleni ya Mwenge haijali kwamba mtoto anasubiri.

Kazi kubwa ni namna ya kumuacha. Ujerumani, kwa mfano, vituo vingi humtaka mzazi akae na mtoto siku za mwanzo, kisha apunguze muda taratibu. Hapa mara nyingi utapokelewa getini na "Mama, we nenda tu, atanyamaza." Ni kweli, wengi hunyamaza. Lakini huyu wako kabadilishiwa nyumba, lugha na chakula kwa mkupuo, kwa hiyo ombeni mapema, kabla ya kulipa ada: "Mwalimu, naomba siku za mwanzo nikae naye kidogo, halafu nimfuate kabla ya chakula cha mchana." Ukiomba kwa heshima hivyo, ni wachache watakaokukatalia.

Bibi atakushauri umtoroke akigeuka. Hapo, shikamoo bibi, lakini hapana. Mtoto aliyetorokwa leo kesho atakung'ang'ania tangu mlangoni kwenu. Muage kwa kifupi, mwambie nani atamfuata na baada ya nini: "Ukishaamka usingizi wa mchana, babu atakuja." Saa haijui, ila usingizi anaujua. Na babu aje kweli.

Kama hajui Kiswahili, msihangaike na salamu zote. Shikamoo atafundishwa na mtaa mzima. Mfundisheni kwanza *maji*, *mkojo*, *panauma*, *sitaki* na *basi*. Choo nacho kina mambo. Vituo vingine vina cha kuchuchumaa, na mtoto aliyezoea kukaa anaweza kubana mkojo mchana kutwa kisha akajikojolea garini. Fanyeni mazoezi kwa bibi, mkimshika mikono, na mumvalishe kaptula yenye mpira kiunoni, isiyo na vifungo.

Uji wa lishe mara nyingi husagwa na karanga au soya. Mtoto mwenye mzio wa karanga, usiishie kumwambia mwalimu mkuu. Nenda jikoni, zungumza na dada anayepika, mweleze dalili zake na umwachie namba ya simu. Wakati huohuo uliza waziwazi mtoto akikosea wanamfanya nini, na kama fimbo inatumika.

Jioni usiulize "Alilia?" Uliza alikula nini, alilala, alicheza na nani. Mwalimu aliyemwangalia atakuwa na majibu. Kulia getini wiki za mwanzo, kukojoa kitandani au kutaka kubebwa kila saa ni kawaida, mradi katikati ya siku anacheza. Ila akiwa hali, hachezi, au anamkwepa mtu mmoja hasa, pita siku moja saa tano asubuhi bila taarifa. Wakikuzuia getini usimwone mwanao, mchukue hapohapo, ada mtadaiana baadaye.